Tasnifu ni mtaji, si ushuru wa kulipia cheti

WANAFUNZI wa vyuo vikuu wanaowania daraja la juu hubakiwa na kazi moja kubwa kabla ya kuvaa joho: tasnifu ya mwaka wa mwisho. Wengi huihesabu kama ushuru wa kulipa ili cheti kitoke. Hesabu hiyo ina kasoro. Tasnifu ni mtaji, na kama mtaji mwingine wowote, huzaa au hufa kutegemea mahali ulipowekwa.

Ushahidi upo katika biashara ambayo wawekezaji wadogo wanaifahamu, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Hii ndiyo mifuko inayokusanya fedha za watu wengi na kununua hisa na hati fungani kwa niaba yao, kama Mfuko wa Umoja ulioanza kuuza vipande nchini Tanzania mwaka 2005.

John Bogle alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kwa ufadhili wa masomo, huku akihudumia wenzake mezani ili kujikimu. Mwaka 1948 alipata D+ katika mtihani wa katikati ya muhula wa somo la uchumi. Alama zake zisingepanda, ufadhili ungekatwa na masomo yangeishia hapo.

Swali dogo, soko kubwa

Desemba 1949, akitafuta mada ya tasnifu, Bogle alisoma makala katika jarida la Fortune kuhusu mifuko ya uwekezaji ya Boston. Sekta hiyo nchini Marekani ilikuwa na mali ya takriban dola bilioni 2 tu, na wanazuoni walikuwa hawajaishughulikia sana. Wakati wengine wangeweza kurudia yaliyokwisha kuandikwa kuhusu Adam Smith, Marx au Keynes, yeye aliingia uwanja usio na msongamano.

Kila mwenye duka analijua jambo hili. Palipo na maduka kumi ya bidhaa ile ile, la kumi na moja huambulia makombo.

La pili, Bogle alipima. Alilinganisha matokeo ya mifuko na wastani wa soko, akaangalia na ada walizotozwa wawekezaji. Hakuona sababu ya mifuko kujigamba kwamba inaushinda wastani huo. Akapendekeza ada zipunguzwe, na mifuko iendeshwe kwanza kwa maslahi ya wenye fedha.

Hoja ya ada si ndogo. Shilingi milioni 1 ikikua kwa asilimia 8 kwa mwaka, baada ya miaka 40 hufikia takriban milioni 21.7. Gharama zikila asilimia 2 kila mwaka, ukuaji ukabaki asilimia 6, mwekezaji huishia na milioni 10.3 hivi. Zaidi ya nusu ya mavuno imekwenda.

Bogle alihitimu mwaka 1951 kwa daraja la juu. Walter Morgan, mwanzilishi wa mfuko wa Wellington wa Philadelphia, aliisoma tasnifu na kumwajiri. Mwaka 1974 Bogle alianzisha kampuni ya Vanguard, na mwaka 1976 ikafungua kwa wananchi wa kawaida mfuko unaofuata wastani wa soko kwa gharama ndogo. Lengo lilikuwa kukusanya dola milioni 150. Zilipatikana milioni 11.3, na wapinzani wakacheka. Bogle alifariki mwaka 2019, na mfuko huo leo umevuka dola trilioni 1.

Isidhaniwe kwamba yote hayo yalikuwamo katika tasnifu. Mfuko wa 1976 haukuwamo. Wazo hilo lilikomaa baadaye, likisukumwa pia na makala ya mwaka 1974 ya Paul Samuelson, yule yule ambaye kitabu chake cha uchumi kilimtoa Bogle jasho mwaka 1948. Tasnifu ilifungua swali moja tu, lakini ililifungua vizuri.

Hesabu za kufanya mapema

Anayeanza tasnifu sasa achague swali linaloweza kujibiwa kwa takwimu anazoweza kuzipata mwenyewe ndani ya muda alionao. "Mchango wa biashara ndogo katika uchumi" ni mada ya wizara nzima. "Mkopo wa wiki humgharimu muuza nyanya kiasi gani katika kila tenga" ni mada ya mtu mmoja, na jibu lake lina mnunuzi.

Pili, aweke kumbukumbu tangu siku ya kwanza: nani aliulizwa, lini, alijibu nini, na msimamizi aliagiza nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na utafiti ni hivyo hivyo.

Tatu, takwimu zikipinga alichotarajia, aziache zipinge. Matokeo yaliyopakwa rangi ni sawa na mizani iliyochezewa. Mteja akigundua harudi.

Nne, asinunue tasnifu iliyoandikwa na mtu mwingine. Mbali na hatari ya kufukuzwa chuo, anakuwa amelipia mtaji unaobaki kichwani mwa muuzaji. Mwajiri akimuuliza maswali mawili tu, duka litaonekana tupu.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Mwanafunzi anapofika dukani na dodoso lake, wengi humdhania mtu wa kodi na kumfukuza, au humpa majibu ya kubahatisha. Wanachokosa ni mtu wa kuwapigia hesabu bila malipo. Mwenye duka amkaribishe, aombe barua ya chuo, akubaliane naye kwamba jina la duka halitaandikwa, kisha amwekee sharti moja: matokeo yarudi kwake kabla ya kwenda maktaba.

Mwanafunzi anayeshindwa kumweleza mwenye duka matokeo yake kwa Kiswahili chepesi bado hajamaliza kazi, hata kama tasnifu imekwisha kutiwa jalada.