Safari ya kwanza Ulaya: kitanda kitafutwe kabla ya tiketi

Mjini Goma, habari ya mtu kwenda Ulaya huenea kabla hata mwenyewe hajajua atalala wapi. Familia inachanga, likelemba inatolewa, marafiki wanauliza bei ya tiketi na siku ya viza. Swali la kitanda linaachwa mwisho, na jibu lake mara nyingi ni moja: "Baba mdogo yuko Bruxelles." Hapo ndipo safari nyingi za kwanza zinapoanza kuharibika. Malazi ya bei nafuu huko Ulaya hayapatikani kwa bahati. Yanapangwa mapema, kwa ukweli, na yanapangwa vizuri zaidi watu wakiungana.

Kwa mkaaji wa Goma, gharama ya kulala inaanza kabla ya kuiona Ulaya. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, na benki nazo zikafunga milango. Tarehe 17 Machi mwaka huohuo, Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji, kwa hiyo mlango wa Ubelgiji uliokuwa karibu, ule wa Kigali, ukafungwa. Tena kanuni za Schengen zinataka mtu aombe viza katika nchi anamoishi kihalali, na kwa mkaaji wa Goma hiyo kwa kawaida maana yake ni Kinshasa. Basi mtu anavuka mpaka hadi Gisenyi, anafika Kigali, anapanda ndege ya kuzungukia nchi nyingine, kisha analala Kinshasa akingoja siku ya kupeleka dosie. Usiku huo wa Kinshasa ni sehemu ya bajeti ya Ulaya. Asiyeuhesabu anaanza safari akiwa tayari na deni.

Baada ya hapo zinafuata hesabu za viza yenyewe. Tangu tarehe 11 Juni 2024, mtu mzima analipa euro 90, na pesa hizo hazirudishwi hata akinyimwa viza. Anatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na kuonyesha mahali atakapolala au uwezo wa kulipia malazi. Ubelgiji umeweka kipimo kilicho wazi: anayelala hoteli anapaswa kuonyesha euro 95 kwa kila siku, na anayelala kwa mtu binafsi euro 45. Kwa siku 14, wa kwanza anahitaji euro 1,330 na wa pili euro 630. Tofauti ni euro 700. Kwa familia ya Katindo au Majengo, hiyo ni karo ya shule, ni kodi ya nyumba, ni mtaji wa biashara ya mama.

Ndiyo sababu kila mtu anamkimbilia ndugu. Lakini wachache wanajua ndugu huyo anatia saini kitu gani. Ile barua ambayo Goma inaijua kwa Kifaransa kama prise en charge si karatasi ya heshima tu. Kwa sheria ya Ubelgiji, anayeitia saini lazima awe Mbelgiji au mtu mwenye haki ya kukaa nchini humo bila kikomo, na aonyeshe mapato ya kutosha. Akikubaliwa, anabeba matunzo, matibabu na hata gharama za kumrudisha mgeni nyumbani, na mzigo huo unamfuata kwa miaka 2. Nchini Ufaransa, mwenyeji anaomba hati ya mapokezi kwenye ofisi ya meya. Analipa stempu ya euro 30, ambayo hairudishwi ombi likikataliwa, na anaonyesha kwamba nyumba yake inatosha kupokea mtu mwingine.

Wako watakaosema kwamba kumuuliza ndugu kuhusu nafasi na pesa ni tabia ya kizungu, kwamba kwetu mgeni hapimiwi chakula. Wanasahau mambo ambayo Goma yenyewe iliyaona. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuondoka, maelfu walipokelewa na familia za Sake, Minova, Bukavu na kwingineko. Walipokelewa kwa moyo, na hilo halitasahaulika. Lakini aliyelala kwenye nyumba yenye watu wengi kupita kiasi anajua jinsi unga unavyokwisha, jinsi foleni ya choo inavyokuwa ndefu, na jinsi mwenye nyumba anavyoanza kunyamaza. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba ukarimu usio na mpango unavunja undugu.

Huko Bruxelles au Paris, baba mdogo huenda anaishi kwenye chumba kimoja na jiko lake, anafanya kazi ya usiku, analala mchana, na analipa umeme na joto la nyumba kila mwezi. Kumfikia na masanduku mawili bila kumwambia atakaa siku ngapi ni kumwekea mtego. Heshima ya kweli ni kumuuliza kabla ya kununua tiketi: nafasi ipo? Kwa siku ngapi? Mgeni achangie nini kwa chakula? Ndugu akijibu kwamba anaweza siku tano tu, hajakataa. Amesaidia, na siku zinazobaki zitafutiwe mahali pengine.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wale wanaouza njia ya mkato. Kama vile Goma inavyojua komisioneri anayeonyesha nyumba isiyo yake na kupokea garanti ya miezi, ndivyo wako wanaouza karatasi za hoteli ambayo mtu hatalala kamwe. Karatasi ya uongo inatosha peke yake kuwa sababu ya kunyimwa viza. Uamuzi huo unaingia katika mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen, na unaweza kubaki humo hadi miaka 5. Mtu ameokoa dola chache, amejifungia mlango kwa muda mrefu. Ni vilevile kwa chumba cha ajabu cha bei ya chini, ambacho mwenyewe anadai pesa zitumwe kwanza kwa jina la mtu binafsi. Asiyekubali chumba kionwe na ndugu au rafiki aliyeko kule, huenda hana chumba.

Njia za halali zipo. Kuna nyumba za wageni ziitwazo kwa Kifaransa auberge de jeunesse, na licha ya jina hilo nyingi zinapokea hata watu wazima. Mtu analipia kitanda katika chumba cha watu wanne, sita au wanane, na baadhi zina jiko la kupikia. Kuna nyumba za watawa na monasteri zinazopokea wageni, desturi ambayo Goma inaijua vizuri kupitia vituo vya mapokezi vya parokia. Majira ya likizo, vyumba vya wanafunzi katika miji kadhaa ya vyuo vikuu hukodishwa kwa wasafiri. Siku pia zina bei yake: Bruxelles, mji wa mikutano, hoteli mara nyingi hushuka bei mwisho wa juma na mwezi wa Agosti, wakati wenye mikutano wameondoka. Na chumba cha bei ndogo kilicho mbali na treni kinaweza kugeuka kuwa ghali, kwa sababu nauli inalipwa kila siku.

Tatizo la Goma ni malipo, kwa kuwa bila benki, kadi ya kulipia kwenye intaneti ni ngumu kuipata. Basi mtu aandikie nyumba ya wageni moja kwa moja, aulize kama inakubali kulipwa siku ya kufika, au amwombe ndugu wa kule alipe kwa kadi yake naye amrudishie. Huo ni msaada mwepesi zaidi kwa ndugu kuliko kumlaza mgeni wiki tatu sebuleni.

Hata hivyo, haifai kila msafiri aachwe apambane peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika komini ya Ixelles, ilifunguliwa nyumba iliyoitwa Maison Africaine kwa ajili ya kulaza wanafunzi kutoka Kongo. Kandokando yake ulikua mtaa ambao leo unajulikana kwa jina la Matonge, lililotoka Kinshasa. Waliofika wakati ule walikuta kitanda, na pia walikuta mtu wa kuwaonyesha njia.

Goma ina vyuo vikuu, makanisa, vyama vya wafanyabiashara na watoto wake wengi huko ng'ambo. Hawalazimiki kununua jengo. Wanaweza kuanza na orodha ya vyumba vilivyohakikishwa, majina ya watu waliokubali kupokea mgeni kwa siku zinazojulikana na kwa mchango unaojulikana, na kikapu kidogo cha kumsaidia anayefika na kukuta mlango umefungwa. Likelemba inayonunua tiketi inaweza pia kununua usiku saba wa kwanza.

Mwanafunzi, mfanyabiashara au mwanamuziki anayetoka Goma leo ameshavuka mipaka mingi kabla ya kupanda ndege ya Ulaya. Familia inayomchangia inastahili kusikia hesabu yote, ya Kinshasa na ya Bruxelles, ya viza na ya kitanda. Kama hesabu hiyo haijatimia, afadhali tiketi ingoje mwezi mmoja kuliko mtu kulala kwenye stesheni ya treni, mbali na wote waliomsindikiza hadi mpakani.