Daftari la Nambari za Intaneti si Kazi ya Karani Tu

Waundaji wengi wa programu huamini kwamba daftari la nambari za intaneti ni ukarani mtupu: mtu anaomba, karani anaandika. Kwao, kungoja usajili ni kupoteza muda. Chagua nambari iliyo wazi uendelee na kazi.

Hoja hiyo ina ukweli wake. Kwenye mtandao wa ndani wa shule au chama cha ushirika hapa Kabazi, nambari yoyote itafaa mradi wahusika wameafikiana. Hata viwango vinaruhusu hilo: nambari za poti 49152 hadi 65535 hazisajiliwi kwa yeyote. Lakini makubaliano ya nyumbani hayatoshi barabarani, kwa sababu nne.

Kwanza, intaneti huunganisha wasiojuana. Simu ya Kabazi ikifungua tovuti salama ya benki, huelekea poti 443 bila kuuliza, kwa kuwa daftari linalotunzwa na IANA, shirika linalosimamia nambari za intaneti, limeitenga kwa HTTPS.

Pili, nafasi nyingine ni chache. Sehemu inayotaja itifaki katika pakiti ya IPv4 ina biti 8, yaani thamani 256 pekee. TCP ni 6, UDP ni 17. Ndiyo maana waraka wa RFC 8126 wa mwaka 2017 unapanga ngazi za masharti: penye nafasi tele, anayetangulia hupewa; penye uhaba, mtaalamu hukagua, au IETF, jumuiya inayounda viwango vya intaneti, huafikiana kwanza. Huo ni uamuzi, si uandishi tu.

Tatu, kosa likishaenea halifutiki kirahisi. Majina ya vigezo vya itifaki yaliyoanza na “X-” yalikusudiwa kuwa ya majaribio, ila yalizoeleka hadi yakakwama. Mwaka 2012, RFC 6648 ilishauri wabunifu waache desturi hiyo.

Nne, daftari huwapa wadogo nafasi sawa. Lebo za lugha “sw”, “ki” na “kln”, za Kiswahili, Kikikuyu na Kikalenjin, zimo katika orodha ileile ya IANA yenye “en” ya Kiingereza. Ukurasa ukiwekwa lebo sahihi, programu hujua ni lugha gani inayosomwa.

Ni kweli ukaguzi huchukua muda, na mbunifu mwenye haraka huumia. Hata hivyo, kusubiri huisha. Mgongano wa nambari ndani ya vifaa vilivyokwisha kuuzwa hudumu miaka. Kijana unayeunda programu Nakuru, soma daftari kabla ya kujichagulia nambari. Kuomba poti kwa IANA hakulipishwi.