Mshale wako uko sawa, shida ni mahali unalenga

Kila wiki lazima nipate meseji moja ya aina hii: "Bro, unafanya aje ndio mshale usimame katikati kila saa?" Huwa najibu kwa upole, lakini leo wacha niseme yote mahali pamoja. Hilo swali mnaliuliza mapema sana. Wengi wenu mnaopoteza kwa Golf Clash hamuangushwi na mshale. Mnapoteza kabla hata hamjavuta mpira, pale mnapochagua mahali pa kuuangusha.

Najua kuna wenye watakasirika. Soma kwanza, tusi litangoja.

Kwa wale hawajawahi icheza: Golf Clash ni gemu ya gofu ya simu, ilitoka 2017, na waliyoitengeneza ni Playdemic, kampuni ya Uingereza. Mnacheza wawili, shimo moja tu, na kila mmoja anaweka sarafu za kuingia. Aliyemaliza kwa mipigo michache anabeba zote. Mkitoshana, kila mtu anapiga mpigo mmoja wa kuamua na mwenye mpira uko karibu na bendera anashinda. Kupiga ni hivi: unasogeza shabaha mahali unataka mpira utue, unauvuta mpira nyuma kwa kidole, mshale unaanza kuyumba kushoto na kulia, unaachilia ukifika katikati. Ukipatia, skrini inakusifu na unajiskia bingwa.

Hiyo sifa ndio inatuchanganya. Gemu inakusifu ju ya kidole chako, haijakuambia chochote kuhusu akili yako. Unaweza kupiga pafekti moja kwa moja hadi kwa maji. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na bado nikalaumu simu, nikalaumu bando, nikalaumu mwenye ameketi karibu na mimi kwa matatu.

Kilichonibadilisha ni daftari. Nilitoka kampasi mwaka wa pili. Karo ilikwama, na nikisema ukweli hata mimi mwenyewe nilikuwa nimekwama. Nilirudi na begi moja na madaftari nusu tupu, moja likiwa la takwimu, somo ambalo lilinitoa jasho. Siku moja, baada ya kuchapwa mechi nyingi mfululizo, nikaligeuza nikaanza kuandika kutoka nyuma. Mechi 50. Kila nikipoteza naandika sababu moja tu, bila kujihurumia.

Nilipoteza 31. Nilikuwa nimeapa mshale ndio adui yangu. Mshale ulinipotezea mechi 5. Mechi 11 zilienda ju sikuhesabu upepo, au nilihesabu kwa kukisia. Mechi 9 mpira wa kwanza ulitua vizuri tu, lakini mahali ambapo mpigo wa pili haungewezekana. Zile 6 zilizobaki ni ujinga mtupu: nilijaribu miujiza wakati mpigo wa kawaida ungetosha. Kwa hivyo mechi 26 kati ya 31 zilipotezwa na kichwa. Na mimi wakati huo wote nilikuwa nafanyisha kidole mazoezi.

Sasa tuingie kazini.

Anza kwa bendera, kisha rudi nyuma. Hapa ndio watu hukosea zaidi. Mtu akifunguliwa shimo refu, anashika fimbo yake yenye nguvu zaidi na kuupeleka mpira mbali iwezekanavyo. Mbali ni mbali, sawa, lakini umbali si pointi. Kabla ya mpigo wa kwanza jiulize: mpigo wa pili nataka kuupiga nikiwa wapi, na kwa fimbo gani? Kila mtu ana fimbo anayoiamini. Yangu kwa muda mrefu imekuwa The Apache, ile ya mipigo mifupi. Nikijua inafika wapi, naacha mpira mahali ambapo The Apache inafika kwa bendera bila kujikaza. Wakati mwingine hiyo inamaanisha nipige ya kwanza kwa kujizuia huku mpinzani akipaa juu yangu. Mwache apae. Kama yeye ametua kwa nyasi ndefu na mimi niko kwa nyasi fupi hatua ishirini nyuma yake, mimi ndio niko mbele. Nyasi ndefu na mchanga hukula nguvu ya mpira, na zinakulazimisha kutumia fimbo ambazo wengi wetu hatujaziboresha kabisa.

Kumbuka pia kutua sio kusimama. Mpira ukigusa chini unadunda na kubingirika. Watu huweka shabaha juu ya bendera kabisa halafu wanashangaa mpira ukipita kama umeitwa na mtu. Angalia mteremko. Kama ardhi inaenda chini kuelekea shimo, tua mapema na uache mteremko ufanye kazi. Kama nyuma ya shimo kuna maji, weka mzunguko wa nyuma ili mpira ushike breki. Mzunguko wa mbele utumie pale uko na nafasi ya kubingirika, na hapo ndio fimbo kama The Big Topper inaonyesha kazi yake. Lakini usiweke mzunguko ati ju kuna kitufe cha mzunguko. Uwe na sababu.

Upepo, hesabu, usibahatishe. Ile shabaha iko na pete za rangi: manjano katikati, kisha ya machungwa, nyekundu, buluu, nyeupe. Hazikuwekwa hapo kama mapambo. Pete ndio rula yako. Unaweka shabaha mahali unataka mpira utue, halafu unaisogeza kuelekea kule upepo unatoka, ukihesabu pete, ndio upepo wenyewe uurudishe mpira mahali pake. Kila fimbo ina hesabu yake. Tuseme umeijaribu fimbo fulani ukaona pete moja inabeba upepo wa 2. Upepo ukiwa 8, unasogeza pete 4. Ukiwa 5, pete mbili na nusu. Ni hesabu ya darasa la tatu.

Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza: fimbo yenye usahihi mkubwa ina pete ndogo. Kwa hivyo upepo ule ule unahitaji pete nyingi zaidi. Mtu anaboresha fimbo, anasahau hesabu imebadilika, halafu analia ati fimbo imeharibika. Wa pili: ukipiga kwa nguvu ndogo mpira unakaa hewani muda mfupi, kwa hivyo upepo unausukuma kidogo. Ukipiga kutoka juu kwenda bondeni, unakaa hewani zaidi, upepo unaupeleka zaidi. Hizi si siri. Chukua fimbo moja, andika upepo ulikuwa ngapi, ulisogeza pete ngapi, mpira ulikosea upande gani. Baada ya mechi kumi utajua namba yake kama namba yako ya simu.

Mwangalie mwenzako. Unaona mpigo wake moja kwa moja na bado unacheza kama uko peke yako? Kama ametumbukia kwa mchanga au maji, kazi yako imekuwa rahisi: piga katikati ya nyasi fupi, maliza kawaida, beba sarafu uende. Zile mechi 6 za ujinga kwa daftari langu zote zilikuwa hapa. Mwenzangu ameharibu, na mimi, badala ya kupokea zawadi, nataka kumuonyesha. Lakini kama yeye yuko karibu na shimo na wewe uko mbali, hapo ndio miujiza inaruhusiwa, ju huna cha kupoteza. Kuhatarisha ni dawa. Inywe ukiwa mgonjwa.

Sasa nifike kwa sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Kila mechi unalipa sarafu kuingia, na ukipanda ngazi kiingilio kinapanda. Ukipoteza tatu mfululizo kwa ngazi ya juu, mfuko unakauka na duka liko pale pale, kitufe kimoja tu. Usiku mmoja nilikauka hivyo. Kwa simu kulikuwa na shilingi 1,000 ambazo mathe alikuwa ametuma za stima. Nikajiambia nitanunua kidogo, nishinde, nirudishe. Kufikia saa nane usiku sarafu zilikuwa zimeisha na pesa pia. Nilikaa giza siku mbili. Mathe alipopiga simu nikamwambia ni transfoma imelipuka huku kwetu, akasema pole mwanangu. Hiyo pole ndio iliniuma.

Hakuna mtu alinilazimisha. Lakini hebu fikiria: 2021 kampuni ya EA ya Marekani iliinunua Playdemic kwa dola bilioni 1.4. Gemu ni ya bure kupakua. Pesa kama hizo zinategemea watu wanaonunua, na mtu haendi kununua akiwa ameshinda. Anaenda akiwa amechapwa, mikono ya moto, anataka kurudisha. Wale mmewahi kuchomeka mkeka Jumamosi mnaijua hiyo hisia vizuri kuniliko. Tofauti ni kwamba hapa hata ukishinda, hakuna kitu unatoa. Sarafu zinabaki ndani ya gemu.

Kwa hivyo mkakati wa kwanza kabisa, kabla ya pete na mizunguko, ni huu: usiingie mechi ambayo kiingilio chake ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sarafu zako. Uko na 10,000? Mechi za 1,000 kushuka chini, basi. Ukipoteza tatu mfululizo, funga gemu hadi kesho. Na hii sisemi kama mhubiri, nasema kama mchezaji. Mtu anayeogopa kuishiwa hucheza vibaya. Kidole kinatetemeka, anaharakisha, anasahau upepo. Ukicheza ngazi unayoimudu, mshale unatulia wenyewe. Wale mnaniuliza siri ya mshale, jibu lenu ndio hilo.

Najua kuna msee sai anasema: "Unaongea hivo ju uko na fimbo kali." Iko ukweli hapo, sitabisha. Fimbo zinaboreshwa kwa kadi, kadi zinatoka kwa masanduku, masanduku yanachukua masaa kufunguka, na mwenye kulipa hangoji. Ukikutana na mtu ana The Apocalypse ya kiwango cha juu na wewe uko na fimbo za kuanzia, atafika mahali wewe hufiki. Lakini ulifanya nini kwa ngazi yake? Rudi chini, huko ndiko fimbo zako zinatosha na ushindi wako unakuletea masanduku bila kulipa. Tena nimewachapa watu wenye fimbo za bei kwa sababu moja: hawahesabu. Fimbo kubwa mikononi mwa mtu asiyehesabu upepo inapeleka tu mpira mbali zaidi ndani ya maji.

Jambo la mwisho dogo: usianze mechi bando likiwa linaisha saa sita usiku na sai ni saa sita kasoro dakika tatu. Kila mpigo una muda wake, na saa haijui mtandao wako umekatika. Hiyo pia iko kwa daftari, nikaiweka upande wa kichwa, sio wa mtandao.

Kazi ya nyumbani, basi. Mechi 20, ngazi unayoimudu, bila kununua chochote. Kila ukipoteza andika neno moja: mshale, upepo, mpango, au tamaa. Mwishoni hesabu. Kama mshale utaongoza, nitumie picha ya daftari lako, nitakubali hadharani kwamba nilikosea. Sidhani utaongoza.

Na mathe, najua bro mkubwa hukusomea hizi vitu zangu. Transfoma haikulipuka. Nitakupigia leo jioni.