Nani kasema roki si ya kwetu?

Jamani, nimechoka. Kila nikitaja muziki wa roki kwenye kijiwe chochote hapa Dar, jibu ni lile lile: "Achana na mambo ya Wazungu." Hata kwenye chumba cha habari, mahali ambapo watu wanalipwa kujua mambo, nilipeleka wazo la makala kuhusu bendi moja ya roki nikaambiwa wasomaji wetu hawana haja na makelele ya Ulaya. Bendi yenyewe haikutoka Ulaya. Ilitoka Zambia, huko huko inakoishia reli yetu ya TAZARA!

Bendi hiyo inaitwa WITCH. Kwa Kiingereza neno hilo ni mchawi, lakini wenyewe walisema ni herufi za kwanza za maneno yenye maana ya "tumekusudia kuzua kasheshe". Na kasheshe waliizua kweli. Waliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Zambia iliyokuwa na fedha za shaba, wakapiga gita la umeme linalokoroma, besi nzito na kinanda. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, mashabiki walimbatiza Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Santuri yao ya kwanza, Introduction, waliitoa wenyewe bila kusubiri kampuni. Mwaka 1975 wakatoa Lazy Bones!!, ambayo mimi naiweka meza moja na roki yoyote nzito ya wakati ule, iwe ya London au ya Marekani.

Wala hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Amanaz, Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya, Paul Ngozi na Ngozi Family yake. Muziki wote huo ukaitwa Zamrock.

Sasa tujiulize, kwa nini Zambia? Migodi ya Copperbelt ilileta mishahara, redio na santuri za nje. Kisha Rais Kaunda akaagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Vijana hawakutupa magita. Waliamua kwamba roki yao ndiyo muziki wa Kizambia, wakaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na mapigo ya ngoma za nyumbani wakayaingiza humo humo. Hapa kwetu, mwaka 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Nchi jirani, miaka ile ile, hofu ile ile ya kumezwa na Wazungu. Kwetu tulifunga mlango. Kule vijana walichukua ala ya mgeni wakaisemesha lugha yao. Nani alilinda utamaduni zaidi?

Na tuache unafiki. Gita la muziki wetu wa dansi lilichongwa na babu zetu? Rumba tunayoililia kila Jumapili ilinolewa Kongo kwa kusikiliza santuri za Kuba. Taarabu ya Zanzibar ina fidla, kodiani na ganuni, na ilikwenda kujifunza Misri. Hakuna anayesema Bi Kidude aliimba mambo ya wageni. Kwa nini ala ikikoroma ndiyo inageuka ya Wazungu?

Tuje kwenye shoo, maana ndipo hasa ninapoumia. Jagari amesimulia kwamba enzi zao onyesho liliweza kuanza saa moja jioni likaisha saa nane usiku, na polisi wakaitwa kuzuia umati. Zaidi ya saa sita, watu, mikono yao na spika! Mwanamuziki wa aina hiyo hana pa kujificha. Nyuzi ikikatika unaisikia, mpiga dramu akichoka unamwona anavyochoka. Sasa nenda kwenye tamasha lolote kubwa la mjini leo. Unalipa kiingilio kinono, unasimama mpaka miguu inawaka, halafu msanii anapanda na mtu wa kubonyeza kompyuta. Sauti ya studio inaimba, yeye anarukaruka na kipaza sauti kiko kiunoni. Dakika 20, kaondoka na walinzi wake. Mimi nimeripoti shoo za namna hii mara nyingi, na kesho yake magazeti yanaandika "afunika". Kafunika nini? Sufuria?

Zamrock haikuuawa na kukosa mashabiki. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba iliporomoka na uchumi ukaenda nayo. Baadaye ukaja UKIMWI, ukazoa kizazi kizima cha wapiga vyombo. Jagari aliacha bendi akawa mwalimu, kisha akaingia kuchimba vito. Wenzake wote wa kikosi cha dhahabu wameshatangulia mbele ya haki.

Nani aliwafufua? Si sisi. Ni wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani. Walitoa upya kazi zote za WITCH, mwaka 2019 ikatoka filamu kuhusu maisha ya Jagari, bendi ikaundwa upya, na mwaka 2023 ikatoa albamu mpya, Zango. Mzee wa zaidi ya miaka 70 anazunguka Ulaya na Marekani, na wajukuu wa Kizungu wanamrukia jukwaani. Mwaka 2024 rapa Tyler, the Creator wa Marekani alichukua kipande cha Kinyanja cha Ngozi Family cha mwaka 1977 akakitia kwenye wimbo wake Noid, ndipo vijana wa mjini hapa wakaniuliza, "Kaka, hiki ni Kihindi?" Kinyanja hiki, ndugu zangu! Lugha ya jirani!

Sina ugomvi na hao Wazungu. Walithamini tulichokitupa. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosubiri kitu chetu kipigwe mhuri nje ndipo tukipokee kwa vigelegele. Kuna wapiga gita na wapiga kinanda wa enzi zile wanaoishi Temeke, Tanga na Morogoro sasa hivi, na magazeti yetu yatawakumbuka siku ya msiba, kwa picha iliyofifia na miaka iliyokosewa. Mtafute mmoja kabla ya Desemba. Mkalishe, mrekodi hata kwa simu, mwulize alipiga wapi, na nani, na alilipwa shilingi ngapi. Na ukienda kwenye shoo ukakuta kompyuta ndiyo inaimba, dai kiingilio chako mlangoni.

Naomba kuwasilisha.