Kadi za michoro: Mizani isiwe mkononi mwa muuzaji

Mwezi Januari 2025, mjini Las Vegas, Mtendaji Mkuu wa kampuni ya Nvidia, Jensen Huang, alitangaza jukwaani kwamba kadi mpya ya michoro ya RTX 5070, yenye bei ya dola 549 za Marekani, ingetoa nguvu ya RTX 4090, ambayo ilipoingia sokoni Oktoba 2022 ilitangazwa kwa dola 1,599. Kwa mfanyabiashara wa kompyuta za michezo, kauli kama hiyo hugeuka bei siku hiyo hiyo. Aliye na kadi za zamani stoo hujiuliza kama azitoe kwa hasara kabla mambo hayajaharibika. Aliye na fedha taslimu hujiuliza kama azimwage zote kwenye mali mpya.

Kadi hiyo ilipofika madukani Machi mwaka huo na kupimwa na wachunguzi wasiofungamana na kampuni, haikuikaribia RTX 4090. Katika michezo mingi ilikuwa jirani ya RTX 4070 Super, kadi ya Januari 2024 iliyotangazwa kwa dola 599. Si mali mbaya, na bei ilikuwa imeshuka kidogo. Ila haikuwa mali iliyosifiwa jukwaani.

Tofauti hiyo imo katika namna ya kuhesabu. Kipimo kinachotumika katika biashara hii ni fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha kamili ambazo kadi inatoa kwa sekunde moja. Zilipotangazwa, kadi za kizazi cha RTX 50 ziliweza, kwa msaada wa akili bandia, kuchomeka hadi fremu tatu za kubuni kwa kila fremu moja iliyochorwa kweli. RTX 4090 inachomeka moja tu. Hesabu ya Las Vegas iliziweka zote pamoja, za kweli na za kubuni. Huang mwenyewe alisema pale pale kwamba jambo hilo lisingewezekana bila akili bandia, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kuwa lilifichwa. Hata hivyo, fremu za kubuni hulainisha mwendo machoni tu. Hazimfanyi mchezaji aitikiwe upesi zaidi anapobonyeza kitufe, kwa kuwa mchezo wenyewe hukokotolewa katika fremu za kweli. Si pumba, lakini si mchele ule ule, na haifai vitiwe katika gunia moja na kuuzwa kwa uzito mmoja.

Muuza sukari wa Tanzania anajua kwamba mizani yake inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Fremu hazina mkaguzi. Mtengenezaji huchagua mchezo wa kupimia, huchagua mipangilio, huchagua na kadi ya kulinganisha, kisha huchora mwenyewe chati ambayo muuzaji wa rejareja huibandika ukutani kama cheti.

Wala si tabia ya juzi. Mwaka 2001 iligundulika kwamba programu ya kuendeshea kadi ya Radeon 8500 ya kampuni ya ATI ilikuwa ikiutambua mchezo wa Quake III kwa jina lake na kupunguza ubora wa picha ili mwendo uongezeke. Wachunguzi waliligeuza jina hilo kuwa “Quack” ndani ya faili, na mwendo ukashuka. Mei 2003 ikawa zamu ya Nvidia. Kampuni ya Futuremark, yenye kipimo kilichojulikana sana cha 3DMark03, ilipoziba mianya ya kujipendelea, alama za GeForce FX 5900 Ultra zilishuka kwa takriban asilimia 24, wakati zile za Radeon 9800 Pro zilishuka kwa chini ya asilimia 2. Siku chache baadaye Futuremark na Nvidia zilitoa taarifa ya pamoja iliyolainisha lugha, na neno udanganyifu likaondolewa. Alama zenyewe zilikuwa zimekwisha kushuka.

Wenye maduka wanaumizwa zaidi na jambo jingine, nalo ni mali mbili kupewa jina moja. GTX 1060 ya mwaka 2016 iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya GB 6 au GB 3. Mnunuzi alidhani tofauti ni kumbukumbu peke yake, kumbe ile ndogo ilikuwa na viini vya kuchakata 1,152 badala ya 1,280. Septemba 2022 zilitangazwa RTX 4080 mbili, ya GB 16 kwa dola 1,199 na ya GB 12 kwa dola 899, na hii ya pili ilikuwa na chipu ndogo kabisa tofauti na ya kwanza. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Oktoba kampuni iliifuta kabla haijauzwa, ikarudi Januari 2023 kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ya dola 799. Jina peke yake lilikuwa limebeba dola 100. Kwa upande wa laptopu hali ni mbaya zaidi: RTX 4090 ya laptopu ina viini 9,728 na GB 16, ile ya kompyuta ya mezani ina viini 16,384 na GB 24.

Aprili 2025 yakaja ya RTX 5060 Ti, na hapa ndipo mtaji wa muagizaji mdogo ulipo hatarini. Iliuzwa kwa dola 379 ikiwa na GB 8, na dola 429 ikiwa na GB 16. Wachunguzi wengi walipelekewa ile ya GB 16, hivyo wakalazimika kuinunua nyingine wenyewe. Walipoipima waliona kwamba katika baadhi ya michezo mipya, ubora wa picha ukiwekwa juu, kadi ya GB 8 inaachwa mbali sana na ndugu yake. Chipu ni ile ile. Kumbukumbu inapojaa, kadi inalazimika kuchota data kutoka kumbukumbu ya kompyuta kupitia ubao mkuu, na njia hiyo ni finyu. AMD nayo ilifanya vivyo hivyo Juni mwaka huo kwa RX 9060 XT, dola 299 kwa GB 8 na dola 349 kwa GB 16.

Katika jozi zote mbili tofauti ni dola 50. Anayeagiza kadi 20 kwa ajili ya duka la Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, huona ameokoa dola 1,000, na kwa mtaji wa kukopa hiyo si fedha ndogo. Lakini wateja wa michezo hutazama majaribio kabla ya kununua, na wanazungumza. Kadi ya GB 8 itakayobaki rafuni miezi sita itauzwa kwa punguzo linalozidi hizo 50, na iliyouzwa inaweza kurudi na mwenyewe amekasirika. Ni heri kuagiza kadi 15 za GB 16.

Hata vipimo huru vinahitaji kusomwa kwa makini. Wastani wa fremu 60 kwa sekunde ni sawa na milisekunde 16.7 kwa kila fremu, lakini fremu moja ikichelewa milisekunde 100 mchezaji anaiona, na wastani hauionyeshi, kama vile wastani wa bei ya wiki usivyoonyesha siku moja ambayo soko lilianguka. Tangu jarida la Tech Report lilipoanza kupima fremu moja moja mwaka 2011, wachunguzi wengi wamekuja kuchapisha pia kiwango cha ile asilimia 1 ya fremu mbovu zaidi. Namba hiyo ndiyo ya kutazama kwanza. Bei ikigawanywa kwa fremu za kweli, mali huanza kulinganishika.

Kwa wanaonunua kadi zilizotumika, programu ya bure ya GPU-Z hugundua kadi nyingi za bandia za Nvidia, kwa mfano GTS 450 kuukuu iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ni kazi ya dakika chache, ifanywe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mwenye hisa ana mizani nyingine ya kuiangalia. Mei 2022 Nvidia ilikubali kulipa faini ya dola milioni 5.5, bila kukiri wala kukanusha kosa, baada ya mamlaka ya mitaji ya Marekani kusema kwamba haikuwaeleza wawekezaji ipasavyo jinsi uchimbaji wa sarafu za kidijitali ulivyokuwa umekuza mapato yake ya michezo katika robo mbili za mwaka wa fedha wa 2018. Mahitaji hayo yalipoanguka, Novemba 2018 hisa zilishuka kwa karibu asilimia 19 kwa siku moja. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, mapato yote yalikuwa dola bilioni 130.5, na michezo ilichangia takriban dola bilioni 11.4. Anayenunua hisa hizo kwa sababu RTX fulani imeishinda Radeon fulani anapima sehemu isiyofika moja ya kumi ya mali anayoinunua.