Stima Ikipotea, Usiseme "Jirani Ameshapiga"

"Jirani ameshapiga." Sisi tunaona hii ndiyo sentensi ghali zaidi Eldoret msimu wa mvua. Stima inapotea saa kumi jioni, watu wa plot wanatoka nje kuangalia kama kwa wengine pia imeenda, kila mmoja anadhani mwenzake ametoa ripoti, halafu wote wanarudi ndani kutafuta mishumaa. Kesho yake kinyozi hana kazi, mwenye duka anamwaga maziwa, na simu ya wakala imezima wakati mteja amekuja kutoa pesa ya hospitali. Pengine shida yote ni fyuzi moja iliyoungua kwenye transfoma, na hakuna aliyesema.

Msimamo wetu ni huu: kutoa ripoti si kuomba msaada. Ni kufuatilia huduma unayoilipia, na wengi wetu tunailipia mapema kwa tokeni. Kwa hivyo kila nyumba itoe ripoti yake.

Kwani hawaoni tuko gizani?

Wengi wetu hudhani Kenya Power inaona kila nyumba iliyopoteza stima. Inategemea shida iko wapi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani, hakukuwa na haja ya mtu wa Langas kupiga simu ndipo wahandisi wajue. Laini kubwa na vituo vikubwa vya umeme huangaliwa saa zote. Lakini tawi la mkaratusi likiangukia waya wa mtaani kwenu Kimumu, au radi ikipiga transfoma inayohudumia nyumba chache kule Ziwa, mara nyingi habari ya kwanza hutoka kwa mteja. Mteja akinyamaza, fundi hana pa kuanzia.

Na huku kwetu mambo hayo ni ya kawaida. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua zetu huanza Machi na kuendelea hadi Septemba, na mtindo wake tunaujua: asubuhi jua, alasiri mawingu meusi, kisha ngurumo, upepo na wakati mwingine mvua ya mawe. Udongo ukilowa, nguzo iliyooza chini huanza kuinama na miti iliyopandwa karibu na laini hulalia waya. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nguzo uliyoiona imeinama Jumatatu ukanyamaza, Alhamisi itakulaza gizani. Ripoti hata kabla stima haijapotea.

Ripoti inayosaidia

Kwanza hakikisha shida si ya nyumba yako peke yako. Angalia kama yuniti zimeisha, angalia swichi kubwa, uliza jirani. Halafu tafuta nambari ya mita. Iko kwenye simu yako tayari: fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni uangalie palipoandikwa "Mtr". Usichanganye na tokeni yenyewe, ile ndefu ya tarakimu 20.

Piga *977# ufuate maelekezo. Haihitaji intaneti, hata kabambe inafanya. Ukitaka kuongea na mtu, piga 97771. Sema mahali ulipo kwa alama inayojulikana, kama vile shule, kanisa au steji, na useme ulichokiona: mti umeanguka, waya uko chini, transfoma ilitoa mlio na cheche. "Stima imepotea Huruma" haimwambii fundi aende upande gani wala abebe nini. Ripoti za mita kadhaa za mtaa mmoja humsaidia kujua kama shida ni ya nyumba, ya transfoma au ya laini nzima. Ndiyo maana ya jirani haitoshi.

Waya ukiwa chini, usiusogelee hata kama unaonekana umekufa. Kaa angalau mita kumi, zuia watoto na ng'ombe, na hiyo uiseme kabla ya kitu kingine chochote.

Mwisho, omba nambari ya ripoti uihifadhi. Huwezi kuondoka kwa wakala kabla hujaona ujumbe wa kuthibitisha, sivyo? Hapa pia ni hivyo. Nambari hiyo ndiyo risiti yako. Siku zikipita bila jibu, unaweza kupeleka malalamiko kwa EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ukiwa na ushahidi mkononi. Sheria ya Nishati ya 2019 inagusia pia fidia kwa hasara inayoletwa na umeme mbovu. Asiyetoa ripoti ataanzia wapi kudai?

Pesa yako gizani

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wa pesa za simu moja kwa moja. Mtaa ukikaa gizani siku mbili, hutokea mtu kwenye grupu la WhatsApp: "Kila nyumba itume mia tano kwa hii namba, fundi alete transfoma." Usitume. Kurekebisha laini na transfoma za mtaa ni kazi ya kampuni ya umeme, na malipo halali hayaingii kwenye simu ya mtu binafsi. Tokeni hulipiwa kwa Paybill 888880, bili ya kawaida kwa 888888. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni vigumu sana. Matapeli hawa hupata nafasi pale ambapo hakuna aliyetoa ripoti. Mtaa wenye nambari za ripoti humuuliza "fundi" huyo swali moja tu: "Umetumwa kwa ripoti gani?"

Tokeni ya ziada nayo hairudishi stima iliyokatika. Ukiwa umeshanunua, usifute ujumbe. Utaingiza nambari hiyo mita ikiwaka. Na mlingoti wa mtandao ukiishiwa na betri, ujumbe wa malipo unaweza kuchelewa. Angalia salio au taarifa ya akaunti kabla ya kutuma mara ya pili.

Tunajua wapo watakaosema, "Nilipiga, sikusaidiwa." Hasira hiyo ina haki yake. Anayepokea ripoti naye ana deni: ashike simu, ampe mteja nambari, amwambie ukweli kuhusu muda wa kusubiri. Lakini ripoti moja iliyopuuzwa haiponywi kwa mtaa mzima kunyamaza. Ripoti ishirini zenye nambari za mita ni vigumu kuzipuuza kuliko moja.

Kwa hivyo leo, kabla mawingu hayajakusanyika, fanya kitu cha dakika mbili: toa nambari ya mita kwenye ujumbe wa tokeni uihifadhi kwa jina "Stima". Andika *977# karibu nayo. Msaidie mzee wa jirani asiyejua kusoma ujumbe afanye vivyo hivyo. Stima ikipotea, piga wewe. Naye jirani apige.