Moshi Mweusi Si Nguvu

Ugomvi wangu ni na skrubu moja. Iko kwenye gavana, nyuma ya pampu ya dizeli ya malori mengi ya zamani yanayopanda Kitonga kila siku. Kazi yake ni kuweka kikomo: dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, pampu isipeleke kwenye silinda zaidi ya kiasi kilichopimwa. Kiwandani huwekwa kwa vipimo, hukazwa nati, kisha hupigwa lakiri ili asiiguse mtu asiye na vipimo hivyo. Siku ukipita karakana ya malori, iulizie hiyo lakiri. Mara nyingi utaonyeshwa nati tupu, kingo zake zimelika kwa spana.

Hadithi ya lakiri hiyo kuvunjwa haibadiliki. Mwenye gari analalamika kwamba gari ni zito mlimani. Anamwambia fundi aongeze mafuta kwenye pampu. Fundi analegeza nati, anazungusha skrubu nusu mzunguko, dereva anakanyaga, ekzosi inatema wingu jeusi, na waliosimama karibu wanatabasamu. Gari limepata nguvu! Nimeliona tabasamu hilo mara nyingi wakati nikikusanya taarifa za tasnifu yangu ya uzamili, na naandika haya kulipinga.

Tuanze na kinachotokea ndani. Ili kilo 1 ya dizeli iungue yote, inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa. Ndani ya silinda mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika sawasawa, kwa hiyo injini inataka hewa zaidi ya hapo; ikishuka chini ya kilo 20 hivi, moshi unaanza kuonekana. Tabo ilibuniwa kusaidia: gesi ya ekzosi inazungusha feni, feni inasukuma hewa nyingi zaidi kwenye silinda. Lakini tabo haiamki papo hapo. Ndiyo maana pampu nyingi za injini zenye tabo zina kiwambo kilichounganishwa kwa bomba dogo na njia ya hewa. Shinikizo la tabo likipanda, kiwambo kinasukumwa, na hapo ndipo pampu inaruhusiwa kutoa mafuta yake yote. Hewa kwanza, mafuta baadaye. Anayelegeza springi ya kiwambo na kusogeza skrubu ya kikomo anaupindua utaratibu huo. Mafuta yanatangulia, hewa inachelewa, na yanayokosa hewa yanatoka kama masizi.

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Kwenye dizeli, moshi mweusi unaonyesha mahali moto uliposhindwa kazi. Ni mafuta yaliyonunuliwa kwa pesa, yakapita kwenye injini bila kumaliza kuungua, yakatupwa barabarani. Sikatai kwamba mwanzoni gari huvuta zaidi. Huvuta kweli. Ila kila tone linaloongezwa huleta nguvu kidogo kuliko lililotangulia, na joto zaidi. Pistoni nyingi za injini hizi ni za alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, wakati gesi ya injini iliyozidishiwa mafuta inaweza kupita nyuzi 700 ikiwa tayari imeshatoka kwenye silinda. Pistoni inasalimika kwa sababu oili na maji vinaipoza. Ipandishe Kitonga na mzigo uliozidi, kwa gia ndogo, tabo ikiwa nyekundu kwa moto, halafu tuulizane nguvu imebaki wapi.

Sisemi pampu isiguswe. Chukua Scania 113, lori ambalo Mtanzania aliyewahi kusafiri kwa basi analijua kwa sura. Injini yake ni ya lita 11, silinda sita, na pampu yake ina plunja sita, kila moja na silinda yake. Plunja huchakaa, nozeli huchoka, springi hulegea, na pampu inahitaji kurekebishwa. Fundi wa kweli huishusha, huifunga kwenye mashine ya kupimia, na kila plunja hutoa mafuta kwenye mrija wake wa kioo wenye alama. Anapima kilichotoka baada ya mipigo elfu moja, kwa mwendo uliowekwa, kwa shinikizo lililowekwa kwenye kiwambo, kisha analinganisha na jedwali la kiwanda. Plunja inayowazidi wenzake anaisawazisha. Huo ni usomi, na nimekutana na mafundi wanaoufanya bila cheti chochote ukutani.

Tofauti kati ya kazi hiyo na skrubu iliyozungushwa kando ya barabara ni swali moja: gari limekuwa zito kwa sababu gani? Huenda filta ya hewa imeziba kwa vumbi. Huenda bomba la kutoka kwenye tabo limepasuka na hewa inavuja. Huenda pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini imechoka. Huenda kile kiwambo kimetoboka, hivyo pampu haijui kama tabo imeamka, nayo inayabana mafuta. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kuzungusha skrubu ya kikomo. Kuizungusha ni kumwongezea chakula mtu ambaye shida yake ni kupumua.

Halafu kuna jiografia, jambo linaloniudhi kuliko yote. Skrubu inazungushwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito. Lori linaondoka, linapita Mikumi, linafika Ruaha Mbuyuni kwa wauza vitunguu, linapanda Kitonga mpaka Ilula kwa wauza nyanya, na mwisho liko Mbeya, takriban mita 1,700 juu, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Tabo hurudisha sehemu ya upungufu huo. Moshi ambao Dar ulikuwa mwembamba, huko juu ni mnene. Aliyelipia kuongezewa mafuta hayuko Ilula. Aliyeko Ilula ni mama mwenye ndoo za nyanya, mtoto amelala kivulini nyuma yake, na lori linalonguruma mita chache kutoka puani mwao.

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mama wa Ilula hakuulizwa kama anakubali. Hakupata senti ya tripu ile.

Najua nitakavyojibiwa. Wewe msomi, umewahi kulala mlimani na mzigo wa watu? Unajua dereva anaposimama tripu inakuwa ya nani? Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo inayonifanya nikatae kumtupia lawama fundi na dereva peke yao. Dereva anakimbizana na muda aliopangiwa na mwingine. Fundi akikataa, gari litapelekwa karakana ya jirani na atalala bila kazi. Lori linapanda polepole kwa sababu mlima ni mkali na mzigo ni mzito. Hilo si ugonjwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayodhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56, na hakuna mtu mwenye akili anayesema daraja liongezewe nguvu kwa kuharibu mizani. Kwenye pampu tunafanya hivyo hivyo, tena tunaita ufundi.

Na sisi wasomaji wa kurasa hizi hatuko nje ya jambo hili. Tunarekodi lori linalotema moshi, tunacheka, tunasambaza. Tunanunua saruji na sukari kwa bei ambayo sehemu yake imelipwa kwa mapafu ya watu wa pembeni ya barabara. Tumezoea kuamini kwamba kinachonguruma na kutoa wingu ndicho chenye nguvu, na imani hiyo haiko barabarani tu.

Ninachodai si kikubwa. Pampu ikitoka kwenye mashine ya kupimia iambatane na karatasi: tarehe, kiasi kilichotolewa na kila plunja, shinikizo ambalo kiwambo kilianza kufanya kazi. Lakiri irudishwe. Ukaguzi wa gari usiishie kwenye taa na matairi. Injini ikanyagwe mpaka mwisho na moshi upimwe kwa kipimo, badala ya kukadiriwa kwa macho. Na mwenye gari akitaka lakiri ivunjwe ili mafuta yazidi ya jedwali, atie saini yeye mwenyewe kwenye karatasi hiyo. Fundi asimsainie.